Mtoko wa wawili Barbados: kuanzia kubuku meza mpaka kulipa bili

Tangu turudi Barbados, kile kisiwa cha Karibiani, mashosti zangu hapa Leicester hawaishi kuniuliza, ile dina ya ufukweni mliipataje, mlilipa ngapi, ulivaa nini, na wawili kati yao washakata na tiketi kabisa wanasubiri tu mwezi wa kumi na mbili uingie. Nimechoka kurekodi sauti moja moja kwenye WhatsApp, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, anayeenda asome na anayeota tu naye asome, kuota bado hakujawekewa kodi.

Kabla ya hatua zenyewe shika hili. Kile kisiwa chakula kitamu kipo kila kona, hata dirishani kwa mama anayekaanga samaki barabarani. Unachokinunua kwa hela nyingi kwenye ile migahawa ya wapendanao ni jua linavyozama na kiti ulichokalia kuliangalia. Ukikosea saa au ukikosea meza basi umelipia jua ukala gizani, na sisi ndo kilichotukuta mara ya kwanza, ntakwambia huko mbele.

Hatua ya 1: Chagua usiku, na usiwe ule wa kufika

Ndege kutoka London ni masaa nane na nusu mpaka tisa hivi, na Barbados iko nyuma ya London kwa masaa manne wakati wa baridi, matano wakati wa joto. Sasa piga hesabu, saa mbili usiku ya kule mwili wako unajua ni saa sita ya usiku na ulishaamka alfajiri kukimbilia uwanja wa ndege. Ukitokea Dar au Nairobi ni masaa saba, yani weita anakuletea supu mwili unataka daku. Sisi tulifika Jumatano, usiku ule tukanunua mkate wa samaki, wenyewe wanauita "cutter", mkate wa mviringo mgumu kidogo kwa nje ndani kipande cha samaki na nyanya, tukala kitandani tukalala kama mizigo. Hapo tulifanya la maana.

Ijumaa pia iache, Ijumaa ina kazi yake ntaisema mwisho. Jumapili na Jumatatu baadhi ya migahawa inapumzika kwa hiyo ulizia kwanza. Kwa wiki moja ya kawaida mi naona Alhamisi au Jumamosi ndo siku zake.

Hatua ya 2: Chagua upande wa kisiwa

Watu wengi wanaruka hii hatua wanakimbilia kuangalia picha za chakula. Barbados ni kisiwa kidogo, kilomita 34 kwa 23, Unguja inakimeza mara tatu na chenji inabaki, lakini pande zake hazifanani hata kidogo.

Magharibi ndo kwenye bahari iliyotulia, kuanzia chini ya Holetown kupanda mpaka Speightstown na juu yake kidogo. Maji kama ya bwawa, jua linazama mbele ya uso wako, na bei nazo zimesimama. Pale kuna Lone Star, jengo lake zamani lilikuwa gereji ya magari, sasa meza ziko karibu kabisa na mchanga. The Tides iko Holetown, nyumba ya mawe ya matumbawe (ukikulia Mji Mkongwe au Mombasa utahisi uko nyumbani, ukuta ule ule) na miti imekaa katikati ya meza. Kaskazini zaidi kuna Fish Pot, wameweka mgahawa kwenye ngome ya zamani ya karne ya 17, mdogo, hauna makelele, mi ndo ulionikaa moyoni.

Kusini kuna upepo zaidi na mawimbi, watu wengi, bei zinavumilika kiasi. Champers inajulikana sana, iko juu kidogo mawimbi yanapiga chini yake, karibu na ufukwe unaoitwa Accra, ndiyo, Accra kama ya Ghana. Na kuna kitu hawakwambii: miezi ya mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka jua linazama likiwa limeelekea kusini kidogo, kwa hiyo hata upande huu wa chini unaweza kuliona likiingia baharini. Ukienda mwezi wa sita au wa saba linazamia nyuma ya nyumba za watu, kusini utaona rangi tu za mawingu.

Mashariki, yani Bathsheba na kule, ni Atlantiki yenyewe, mawimbi ya kutisha na mawe makubwa yamesimama majini utadhani yamepandwa. Pazuri mno. Ila jua huko linachomoza, jioni linapotea nyuma ya vilima mapema, kwa hiyo Bathsheba nenda mchana kwa lanchi ndefu, usibuku dina ya jua kuzama ukaja kunilaumu.

Migahawa inafungwa na kufunguliwa na kubadilisha wenyewe kila msimu, hayo majina niliyotaja ni pa kuanzia kutafuta, usiyachukue kama aya.

Hatua ya 3: Tafuta saa ya jua, saa yenyewe kabisa, kwa tarehe yako

Haya sasa, kisa chenyewe. Baba Nasra, mume wangu, ndo alibuku. Mtoto wa Tanga, kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, hujawahi kukaa ukalitafuta, liko pale pale. Akabuku saa kumi na mbili jioni akiamini tutakaa nusu saa nzima tukilitazama, kaomba meza ya mbele, kalipa na depoziti. Tarehe tano Desemba. Tuko kwenye taksi nimejipulizia mafuta mazuri, nimevaa gauni langu la kitenge, mara simu yake ikaanza kuadhini. Ile app ya swala. Nikamwangalia, akaiangalia simu, saa kumi na moja na dakika thelathini na kitu. Magharibi. Ndani ya taksi! Tukageuka dirishani wote wawili tukaliona jua kati ya nyumba mbili na bango la rangi za nyumba, likaingia, kwisha. Tulipofika mgahawani palikuwa na mshumaa na weusi, bahari unaisikia tu.

Na app ilikuwa mfukoni mwake muda wote, hapo ndo huwa nacheka peke yangu. Kwa hiyo funzo la bure kwa Waislamu wenzangu: weka mji wa Bridgetown kwenye app ya swala, soma Magharibi ya tarehe yako, hiyo ndo saa ya jua kuzama. Wengine angalieni kwenye app ya hali ya hewa. Kwa makadirio, Novemba ndo linawahi zaidi, karibu na saa kumi na moja na nusu, halafu linasogea pole pole mpaka Juni na Julai linafika saa kumi na mbili na nusu. Na likishazama giza halina salamu, dakika ishirini na kitu tu, kama kwetu, usifikirie zile jioni za Ulaya za kiangazi ambazo mwanga unaburuza miguu mpaka saa nne usiku.

Fika dakika arobaini na tano kabla. Sasa kuna kikwazo, mingi ya ile migahawa inaanza kuhudumia dina saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Januari hutaweza kukaa mezani jua likiwa bado lipo. Dawa yake uliza kama baa yao au ile sehemu ya mbao juu ya maji inafunguliwa mapema, nendeni saa kumi na moja, agizeni kinywaji na sahani ya "fish cakes" (kachori za samaki wa chumvi hizo, za moto, utakula kumi bila kujua), tazameni jua, halafu muhamie mezani. Mara ya pili tulifanya hivyo na ilikuwa siku nyingine kabisa.

Mwenye swala pia apange. Ile saa ya jua ndo Magharibi yenyewe na huwezi kuwa pande mbili. Sisi tulikuwa wasafiri tukajumuisha na Isha tuliporudi, kila mtu na anavyofuata.

Watakwambia pia uangalie kimwale cha kijani, jua linapomalizikia kwenye maji kama anga ni safi ule ukingo wa mwisho unawaka kijani sekunde moja mbili. Kipo kweli, ni mwanga unapindwa na hewa. Mi sikukiona, nilikuwa natafuna.

Hatua ya 4: Buku, na buku kwa maneno kamili

Kubuku mtandaoni ni sawa ila baada ya hapo piga simu au andika ujumbe, kwa sababu fomu haina sehemu ya kuandika nisiweke karibu na spika. Na ukipiga anza na salamu. Hawa watu kwenye salamu ni sisi watupu, ukiingia dukani au kwenye basi bila "good morning" au "good evening" wanakuona huna malezi, na ukianza na swali moja kwa moja unajibiwa nusu nusu. Nilisalimia, nikaulizia anaendeleaje, dada wa kwenye simu akaniita "my darling" na meza nikapata.

Vya kuuliza: meza ya watu wawili ya mstari wa mbele kabisa, iko wazi au chini ya paa, mvua ikija mnahamishiwa wapi (kati ya Juni na Novemba mvua ni kitu cha kawaida, huo ndo msimu wa vimbunga pia), na meza isiwe njiani kwa maweita wala karibu na choo. Uliza na depoziti, wengi wanachukua namba ya kadi na ukighairi ukiwa umechelewa wanakata, ujue mwisho wa kughairi ni lini. Krismasi, mwaka mpya na Valentine kuna menyu maalum bei moja kwa kichwa, na ile bei kaa chini kwanza ndo uisome. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka katikati ya Aprili ndo msimu wao wa juu, meza za mbele zinaisha wiki kadhaa kabla.

Kama ni aniveseri au bethdei sema hapo hapo kwenye simu. Usisubiri ukifika.

Hatua ya 5: Nguo

Mchana kwenye fukwe vaa utakavyo, dina ya jioni hawataki nguo za kuogelea, singlendi wala ndala. Tai haihitajiki, shati la mikono mifupi na suruali inatosha kwa mwanaume, baba Nasra alivaa shati la kitenge kila mtu akawa anamsifia mpaka nikaanza kuchukia.

Kitu kimoja ni sheria sio fasheni: nguo za mabaka ya jeshi ni marufuku Barbados, kwa kila mtu, mpaka watoto, hata kama ni kaptula ya rangi ya pinki yenye yale mabaka. Kama kwetu Bongo tu ukivaa kombati mtaani. Kaptula ya baba Nasra ya mabaka, ile yenye mifuko sita anayoipenda kuliko mimi, ilibaki Leicester.

Kwa kina dada: viatu virefu vyenye kisigino chembamba acha. Sakafu nyingi ni mbao zilizopangwa kwa nafasi nafasi maji yapite, kisigino changu kiliingia kati ya mbao mbili nikiwa natembea kwa maringo kabisa, mwili ukaendelea mguu ukabaki. Vaa kiatu bapa au kisigino kinene. Beba mtandio au kanga, upepo wa baharini usiku unapita kwenye bega. Na jipake dawa ya mbu kabla hujatoka, kuanzia kwenye goti kushuka, kwa sababu mbu wa kule wanajua kabisa kwamba miguu iko chini ya meza gizani na homa ya dengue ipo.

Hatua ya 6: Usafiri wa kwenda na wa kurudi

Taksi hazina mita. Namba zao zinaanza na herufi Z, panda hizo tu, na kabla ya kufunga mlango (umeshasalimia lakini) uliza bei na uliza ni dola gani, ya kwao au ya Marekani, maana hapo pana mara mbili nzima. Panga na huyo huyo aje kuwachukua, saa nne usiku huko kaskazini hupati taksi inayopita tu barabarani.

Kuna na zile haisi nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, wanaziita ZR, dola 3.50 za kwao popote uendapo, mziki mpaka mbavu zinatikisika na konda ananing'inia mlangoni, utadhani uko Buguruni. Mi nazipenda mno. Ila mchana. Ukiwa umevaa gauni na nywele umetengeneza dola sitini za nywele, panda taksi mama.

Hatua ya 7: Kusoma menyu bila kutapeliwa na macho yako

Kwanza alama ya dola. Dola ya Barbados imefungwa kwenye dola ya Marekani, mbili za kwao kwa moja ya Marekani, na iko hivyo tangu 1975. Ukiona samaki dola 95 usizimie, gawa kwa mbili. Ila baadhi ya mahoteli makubwa yanaandika kwa dola ya Marekani na alama ni ile ile, kwa hiyo uliza, hakuna aibu.

Pili, ukikuta "dolphin" kwenye menyu usiinuke kutetea wanyama. Sio pomboo. Ni samaki ambaye wengine wanamwita mahi-mahi, wavuvi wetu wa pwani wanamwita fulusi, nyama nyeupe imeshikana, akichomwa vizuri ni mtamu sana. Jodari yupo, nguru yupo, na yule samaki anayeruka juu ya maji ndo alama ya nchi nzima, mpaka kwenye sarafu ya dola yao yumo. Msimu wake ni kama Desemba mpaka Juni.

Huyo samaki anayeruka ndo anaingia kwenye chakula cha taifa, na hapa kaa vizuri. Kinaitwa "cou-cou". Unga wa mahindi. Unasongwa kwa mwiko wa mbao wa bapa. Na bamia ndani. Ni ugali, jamani, ugali wa bamia, laini kuliko wetu na unateleza, wanaufinyanga kwenye bakuli lililopakwa siagi wanaupindua kwenye sahani, wanabonyeza shimo katikati, wanamwagia mchuzi wa nyanya na vitunguu na samaki amekunjwa juu yake. Kwenye mgahawa wa mishumaa kinaletwa kidogo kama keki na jani moja juu. Baba Nasra akakiangalia, akaniangalia, akasema mama Nasra, tumevuka Atlantiki nzima kuja kula ugali? Halafu akakunja mkono wa shati akaula kwa mkono mpaka ukaisha, na weita, mama mtu mzima hivi, badala ya kununa alienda akarudi na bakuli la maji yenye kipande cha ndimu, akasema bibi yake naye alikuwa anakula vile vile. Nasema agiza hata kama ni kitangulizi mgawane. Huwezi kukila sehemu nyingine kwa mandhari ile.

Tatu, kile kichupa cha njano mezani sio mastadi ya hotidogi. Mastadi imo, ila humo ndani kuna pilipili ya ukoo wa pilipili mbuzi imesagwa, tone moja linatosha kona ya sahani. Mwanaume mmoja ambaye nimeshamtaja mara nyingi alipaka kwenye mkate kama anapaka blubendi.

Shelisheli wanalo, wanalichoma au wanalikata vipande na kulitia ndimu, tango na pilipili. Ukiandikiwa "potato" tu kwenye mgahawa wa kienyeji jua inaweza kuwa kiazi kitamu, kile kingine wanakiita cha Kiingereza. "Macaroni pie" ni makaroni na jizi imeokwa mpaka ikashikana unaikata kama keki, inashibisha kupita maelezo, msiagize wote wawili.

Vinywaji, ramu ndo ardhi yao, Mount Gay ina hati ya mwaka 1703. Panchi yao ina kanuni ya zamani kama wimbo, ndimu kipimo kimoja, sukari viwili, ramu vitatu, maji au juisi vinne, juu wanakuna kungumanga. Wanaokunywa wanasema inaingia kama juisi na inakusubiri kwenye ngazi. Sisi tusiokunywa kuna madafu, kuna maji ya tangawizi makali, na ukifika karibu na Krismasi kuna "sorrel" ambayo ni rosela, ile choya yetu, wanaitia mdalasini na karafuu, ila uliza kwanza kama haijatiwa ramu maana wengi wanatia. "Mauby" ni ya gamba la mti, chungu, jaribu kwa ujasiri wako.

Kwa anayetafuta halali, tulikula samaki safari nzima na kila mara niliuliza mambo mawili, mchuzi una mvinyo au ramu, na mafuta yamekaangiwa nguruwe. Hakuna aliyenikunjia uso. Pudini ya mkate na keki nyeusi zina ramu karibu siku zote, na Jumamosi ukiona "pudding and souse" hiyo ni nguruwe, jina linadanganya kama kitindamlo.

Hatua ya 8: Bili

Isome. Usifanye kama wale wanaotupa kadi juu bila kuangalia wakidhani ndo mahaba. Kodi mara nyingi ishaingia kwenye bei za menyu, lakini sevisi chaji ya asilimia 10 mpaka 15 mara nyingi inaongezwa chini, na ikiwa ipo huna lazima ya kutoa bakshishi tena, ukipenda kumuongezea aliyekuhudumia mpe mkononi. Mgahawa wa kwanza, ule wa gizani, bili ilikuja na sevisi tayari, na mashine ya kadi nayo ikaja inauliza unaongeza asilimia ngapi, nikabonyeza, nikalipa mara mbili. Nilikuja kugundua hotelini nikivua hereni.

Mara ya pili kwa wawili, vitangulizi viwili, samaki wawili, kitindamlo kimoja vijiko viwili na vinywaji vya baridi, ilikuja dola 380 za kwao, sevisi asilimia 10 ni 38, jumla 418, yani 209 za Marekani. Sio hela ndogo. Ndo maana mi nashauri mara moja tu kwa safari, na siku nyingine mle kwa wananchi.

Mkimaliza kula

Fukwe zote Barbados ni za umma, hakuna hoteli ya kukufukuza mchangani, kwa hiyo vueni viatu mtembee. Ila mambo mawili. Miti yenye utepe mwekundu au rangi nyekundu kwenye shina usiiguse, usile tunda lake linalofanana na tofaa dogo la kijani na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maji yanayodondoka yanaunguza ngozi. Na kama ni kati ya Mei na Oktoba zima tochi ya simu, kasa wa ng'amba wanapanda usiku kutaga na mwanga unawachanganya.

Na ile Ijumaa

Ijumaa nendeni Oistins, kusini, kijiji cha wavuvi. Kila Ijumaa usiku wanachoma samaki, vibanda vimepangwa, moshi, foleni, meza za mbao mnakaa na msiowajua, uma wa plastiki, fikiria Forodhani lakini mziki uko juu. Beba keshi, fika kabla ya saa moja usiku kwa sababu kuanzia saa mbili foleni ya vibanda vinavyosifiwa inakula usiku wako wote, na angalia watu wa pale wamepanga kibanda kipi ndo upange hicho. Fulusi wa kuchoma, makaroni na kachumbari ya kabichi kwa sehemu ya kile tulicholipa kule kwenye mishumaa.

Ukishakula usikae upande wa jukwaa la vijana, zunguka nyuma. Kuna kona wazee wa kisiwa wanacheza dansi la zamani, la kushikana, bibi amevaa soksi nyeupe na viatu vya kung'aa, babu ana kofia, wanazunguka kwenye sakafu ya saruji bila kugusana magoti na wengine, hawacheki, wako kazini. Tulisimama pembeni tukishika glasi zetu za tangawizi mpaka babu mmoja akatunyooshea kidole tuingie. Baba Nasra hajawahi kucheza tangu harusini. Tulikaa mpaka taksi ikapiga honi mara tatu.